Mstari Mwekundu Kwenye Nati Nne

Mume wangu alihesabu bila kuniambia. Alikuwa kwenye cherehani yake, akishona mifuko ya suruali za sare, na kila nilipoinuka kutoka kwenye kiti alitupa kifungo kimoja ndani ya kopo. Ilipofika saa nne asubuhi alilitikisa kopo nilisikie, kisha akamwaga vifungo mezani. Vilikuwa kumi na vinne.

"Nikutafutie kamba nikufunge," aliniuliza, "au utaketi mwenyewe?"

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na tisa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

Mimi ni mkaguzi wa mizani. Kwa miaka kumi na sita kazi yangu ilikuwa kuzunguka kwenye masoko, maduka na maghala nikiwa na mawe ya serikali, kupima kama kilo ya mfanyabiashara ni kilo kweli, kisha kufunga mizani yake kwa waya na lakiri, yaani muhuri wa madini ya risasi, ili asiyeruhusiwa asiiguse. Miezi kumi na moja kabla ya Jumamosi hiyo, lori la kokoto lilikata kona mbele yangu bila kuwasha taa, nikaanguka na pikipiki. Goti la kushoto lilivunjika mahali pawili. Lilipopona halikurudi kama lilivyokuwa: linakunja nyuzi arobaini na mbili, basi. Tangu hapo niliwekwa stoo, kugonga mihuri kwenye fomu zilizojazwa na wengine.

Stoo ina dirisha moja, na hilo linatazama ukuta. Nilijua matofali ya ukuta huo kwa idadi.

Mkuu wa kitengo chetu si mtu mbaya. Aliniita, akanipa kiti, akanieleza bila kuzunguka. Gari la ofisi limekaa juu ya magogo tangu mwaka jana na hakuna dalili ya kushuka. Tarehe mosi angepanga njia za mwaka mzima. Mkaguzi anayeweza kujisafirisha yeye na mawe yake atapata njia. Asiyeweza atabaki stoo, na safari hii itaandikwa kuwa ya kudumu. Njia yangu ya milimani tayari ilikuwa imeombwa na kijana mmoja mwenye magoti mawili mazima. Nilimshukuru mkuu. Kwenye korido niligundua kwamba nilikuwa natembea kuelekea getini badala ya stoo.

Pikipiki ya kawaida nilikuwa nimeshaijaribu, mara mbili, katika uwanja wa gereji. Kikanyagio kinataka goti likunje karibu nyuzi tisini. Na ukisimama, lazima mguu mmoja ushuke ubebe uzito. Mguu wangu wa kushoto haubebi, na wa kulia una kazi ya breki. Mara zote mbili nilianguka kwa utaratibu, kama mlango uliong'olewa bawaba.

Aliyeleta habari ni shemeji yangu, ndugu mdogo wa mume wangu, ambaye ni fundi pikipiki. Aliingia mchana huohuo, akaviona vifungo mezani, akamtazama kaka yake.

"Shemeji, nimekupatia kitu," alisema. "Ila usicheke."

"Nacheka lini mimi?"

"Ndiyo maana nina wasiwasi. Hiki hata wewe utacheka."

Ilikuwa pikipiki ya mwalimu mmoja mstaafu, mjane, aliyekaa nyuma ya kiwanda cha matofali. Tulimkuta ameshaifunua turubai na kuifuta vumbi. Ilikuwa pikipiki kubwa ya zamani, ya kijani kile cha makabati ya ofisi, na ubavuni mwake kushoto kulikuwa kumefungwa kigari cha gurudumu moja, chenye kiti ndani na kioo kidogo mbele. Kigari kilikuwa na umbo la beseni la kuogeshea mtoto. Mlango wake ulifungwa kwa kitasa cha kabati la vyombo. Sikucheka. Nilitaka kuondoka.

Nilibaki kwa sababu ya vikanyagio. Marehemu mume wa Mwalimu, fundi wa pampu za maji, alikuwa mtu mrefu kupita kiasi; Mwalimu alituonyesha kwa mkono mahali kichwa chake kilipofika kwenye fremu ya mlango. Alikuwa amevisogeza vikanyagio na pedali ya gia mbele ili miguu ipate nafasi. Nilipima kwa rula. Goti langu lingekunja nyuzi thelathini na nane. Na chombo chenye magurudumu matatu hakiombi mguu wa mtu kinaposimama.

Mwalimu alikuwa mwanamke mnene kidogo, mkavu wa maneno. Alisema mumewe aliijenga mwenyewe na walizunguka nayo miaka kumi na tisa. Nilipomwuliza kama ina tabia ya kuvuta upande, alijibu kwamba yeye alikaa kwenye kile kiti miaka yote hiyo na haikuwahi kuvuta hata siku moja. Nilisikia, lakini sikuandika. Katika miaka kumi na sita sijakutana na mwenye mizani ambaye hakuapa kwamba mizani yake ni sahihi.

Kisha akainama, akanionyesha mahali kigari kilipounganishwa na pikipiki. Kulikuwa na vyuma vinne, kila kimoja na nati yake, na juu ya kila nati mstari mwembamba wa rangi nyekundu uliovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma.

"Hizi nne msiziguse," alisema. "Mengine yote fanyeni mnavyotaka. Hizi alizipaka mwenyewe."

Barabara ya nyuma ya kiwanda imenyooka kama uzi. Nilichora mstari wa chaki wa mita ishirini, nikalielekeza gurudumu la mbele kwake, nikaendesha kwa mwendo wa kilomita ishirini kwa saa, na nilipofika mwanzo wa chaki nikalegeza mikono. Niliporudi nilipima kwa futi kamba jinsi alama ya tairi ilivyoachana na mwisho wa chaki. Nilirudia mara tatu. Wastani: sentimita themanini na tano upande wa kulia, yaani upande wa magari yanayokuja. Niliandika kwenye daftari: haifai.

Wafyatua matofali walikuwa wamesimamisha kazi. Mmoja aliniuliza kwa heshima kubwa kama maji ya kuoga hayajapoa. Mwingine akamwambia amwache mama wa watu, huenda amemsahau mtoto njiani.

Jambo moja sikuliandika. Mwisho wa barabara ile kuna kibao cha kusimama. Nilisimama, na hakuna kilichotokea. Mguu wa kushoto haukuitwa. Injini ilinguruma polepole, chombo kikatulia chenyewe, nami nikakaa juu yake nikiwa na mikono mapajani kama mtu anayesubiri chai. Gari lililokuwa nyuma yangu lilipiga honi mara mbili kabla sijaondoka.

Siku tatu zilizofuata sikuwa wa kuishi naye. Stoo niligonga muhuri wa mwaka jana kwenye fomu arobaini. Nyumbani nilichora kile kigari nyuma ya bahasha, kutoka mbele na kutoka juu, nikajaribu kutafuta kosa la fundi wa pampu. Mume wangu alishona bila kuinua macho. Tulipolizungumza, alisema hana ugomvi na beseni. Ugomvi wake ni barabara. Alinikumbusha kwamba siku ya ajali mimi nilikuwa nimelala, sikujua lolote, na kwamba aliyekaa kwenye benchi kwa muda wa saa tisa akitazama mlango unaofunguliwa na kufungwa ni yeye. Hilo ni kweli. Nilimweleza kwamba pikipiki hiyo inavuta na kwa hiyo siinunui. Alisema vizuri. Nikaenda dirishani. Nikamsikia akitupa kifungo kwenye kopo.

Jumatano nilimwomba Mwalimu aniachie pikipiki kwa siku mbili ikaguliwe na fundi, na akakubali bila masharti mapya. Alikuwa ameshasema sharti lake.

Gereji, shemeji alizunguka kigari mara mbili akiwa na spana mkononi.

"Mwenyewe amekataza," alisema.

"Amekataza kwa sababu ya rangi. Chombo kinavuta sentimita themanini na tano. Rangi si kipimo."

"Na huko kazini kwako, mtu akikata waya wenu akakwambia waya si kipimo?"

"Waya ni sheria."

Alipiga magoti kando ya kigari. Nati ya kwanza ilitoa mlio. Mstari mwekundu ukavunjika katikati, nusu moja ikabaki kwenye chuma, nusu nyingine ikaenda na nati. Tulifanya kazi hiyo hadi jioni: anasogeza kidogo, mimi naendesha juu ya chaki, napima, anasogeza tena. Ilipofika saa kumi na moja ilikwenda sawa kabisa. Sentimita mbili katika mita ishirini. Nililala vizuri usiku huo, kwa mara ya kwanza mwezi mzima, na asubuhi nilimwambia mume wangu kwamba nimebadili mawazo, naona nitainunua.

Alikata uzi kwa meno, kisha akalisukuma kopo kuelekea kwangu.

"Kule hospitali nilihesabu," alisema. "Na hapa nimehesabu. Hapa ndipo pabaya zaidi. Kanunue, vifungo vya wateja vimeniishia."

Ijumaa mimi na shemeji tuliirudisha. Mwalimu alitoka, akaizunguka, akainama mahali palepale. Aliona. Kila mstari ulikuwa umekatika vipande viwili visivyotazamana. Hakupandisha sauti wala kukunja uso. Alifungua kile kitasa cha kabati, akakusanya gauni lake, akaingia ndani ya kigari, akaketi na mkoba wake mapajani.

"Nipeleke hadi kwenye kibao," alisema.

Nilipoiondoa tu usukani ulipinda. Nilidhani ni jiwe. Nilirekebisha, ukapinda tena, kushoto, kwa nguvu ya mtu anayenyang'anya. Kufikia katikati ya barabara mikono yangu yote miwili ilikuwa inavuta upande wa kulia na pikipiki inakwenda kushoto kwenye mrundo wa matofali mabichi. Nilisimama kidole kimoja kabla ya mrundo. Wafyatuaji hawakutania safari hii.

Mwalimu alishusha mkoba chini ya miguu.

"Sasa ndiyo inavuta," alisema.

Nilikaa pale na injini imezimika, na kabla vumbi halijashuka nilikuwa nimeelewa. Kuna kosa moja ambalo nimelikuta sokoni mara nyingi kuliko yote. Mfanyabiashara ana mizani yenye bakuli, na mizani imepangwa isome sifuri bakuli likiwa juu yake, kwa sababu hapimi kamwe bila bakuli. Mkaguzi mgeni akija, analiondoa bakuli, anaona mshale umeshuka chini ya sifuri, anaandika kwamba mizani ni mbovu. Mkaguzi mgeni huyo hufundishwa na mimi. Nimewafundisha saba. Ninawaambia: kabla ya kusema mizani inadanganya, uliza inapimwa ikiwa na nini juu yake.

Fundi wa pampu aliijenga pikipiki yake kwa ajili ya mtu mmoja mbele na mtu mwingine pembeni. Kiti cha pembeni kikiwa na mtu, springi inashuka, pikipiki inasimama wima, kila kitu kinakwenda sawa. Kiti kikiwa kitupu, springi inapanda, pikipiki inaegemea kulia, nayo inakwenda inakoegemea. Alipata kipimo chake, akakifunga kwa rangi nyekundu mahali pane. Mwalimu aliniambia kwa mdomo wake kwamba haikuwahi kuvuta, naye ndiye shahidi pekee aliyekuwapo siku zote. Mimi nikaikagua ikiwa tupu, kwa sababu mizani hukaguliwa kuanzia sifuri, nikakata lakiri ya mtu mwingine ili nisahihishe kitu kilichokuwa sahihi. Mganga hajigangi, lakini angalau huwa haendi kuvunja vyungu vya mwenzake.

Shemeji alifika akihema. Mwalimu alituangalia mmoja baada ya mwingine, na akauliza ni nani kati yetu aliyezifungua nati. Shemeji alifungua mdomo. Ni mtu mwema na angejibebesha.

"Ni mimi niliyeamuru," nilisema. "Yeye alikataa. Kazini kwangu kosa hili lina faini, na mimi ndiye huwa naiandika."

"Unaandika kiasi gani?"

Nilimtajia. Aliguna, akasema ni kidogo mno.

Kisha akauinua mkoba, akaufuta vumbi, akaurudisha mapajani. Siku sita zilikuwa zimebaki. Hakuwa na sababu yoyote ya kuniuzia. Mwenye mizani angenikamata mimi nimekata lakiri yake, nisingekanyaga tena dukani kwake. Goti liliniuma na nilitaka kushuka, nitembee hadi kwenye kibao na kurudi, lakini nilihisi kwamba nikishuka nitakuwa nimeondoka.

"Rudisheni," alisema hatimaye. "Hapahapa. Nione."

Shemeji alilala chini barabarani. Alichohitaji kilikuwa kimeandikwa: nusu ya mstari kwenye chuma, nusu kwenye nati. Alizilegeza zote nne, akasogeza vyuma, akazungusha kila nati hadi nusu mbili zikakutana, wekundu kwa wekundu. Ilichukua robo saa. Siku nzima ya Jumatano, na chaki yangu, na futi kamba yangu, ilifutwa kwa robo saa.

Mwalimu hakuwa ameshuka. Nilirudi nyuma, nikachora chaki upya, nikaendesha kwa kilomita ishirini kwa saa. Nilipofika mwanzo wa mstari nililegeza mikono, kisha nikaiondoa kabisa. Sikuwa nimekusudia kuiondoa. Pembeni yangu Mwalimu alitazama mbele, mkoba mapajani, kama mtu aliyeketi kwenye kiti chake sebuleni. Mita ishirini zikapita. Kibao kikaja, nikasimama, mguu haukuitwa.

Shemeji alipima. Alipima tena kwa sababu nilimwambia apime tena. Sentimita tatu.

"Nilikwambia mwanzo," Mwalimu alisema.

"Uliniambia. Sikuandika."

Alitaka kujua nitapakia nini kwenye kiti chake. Nilimweleza: mawe matatu ya kilo ishirini, na sanduku la mawe madogo. Akauliza jumla yake. Nikasema kilo sitini na sita.

"Mimi nilikuwa sitini na mbili," alisema. "Umeninenepesha."

Hapo shemeji alicheka hadi akaegemea gurudumu. Mimi nilikuwa napiga hesabu: kilo nne, springi ileile, tofauti ndogo. Nilimwambia Mwalimu kwamba naichukua kwa bei aliyotaja siku ya kwanza, sipunguzi, na kwamba pikipiki iko sahihi na nitaliandika hilo. Alisema hahitaji maandishi. Nililiandika hata hivyo, chini ya neno "haifai", ambalo nililikata kwa mstari mmoja ili lisomeke bado.

Kabla hatujamaliza aliingia ndani, akatoka na kikopo kidogo kilichoganda mdomoni na brashi yenye nywele chache. Rangi ilikuwa bado ipo, chini kabisa. Nilidhani angetaka kuipaka mwenyewe, lakini alinipa mimi brashi.

"Wewe ndiye wa lakiri," alisema. "Na wewe ndiye uliyeikata."

Nilipiga magoti, goti moja likikunja na jingine limenyooka pembeni kama mkongojo, nikapaka mistari minne juu ya mistari ya zamani. Nimefunga lakiri maelfu. Shemeji alitaka tuondoke, lakini nilisema rangi ya mafuta kwenye vumbi la matofali inahitaji dakika ishirini kabla ya kusogezwa. Mwalimu alileta viti vitatu. Tuliketi tukiitazama.

Dakika ya kumi na saba nilisimama, nikaenda, nikaigusa kwa ncha ya kidole. Ilikuwa bado mbichi. Shemeji alichomoa kifungo mfukoni, alichopewa na kaka yake kwa kazi hiyo, akakiweka juu ya kiti changu.